Viatu Vyeupe Nilivyovibeba Milimani

Nimepata final exit, Mwende. Ile ruhusa ya kwenda bila kurudi. Bosi aliibonyeza kwenye simu yake jana baada ya chakula cha mchana, na madam akaingia jikoni, akanishika mabega. Miaka kumi na mmoja ya Riyadh, halas, imekwisha. Narudi nyumbani Mbooni.

Sasa ndiyo nikusalimu. Mwanangu mpendwa, hujambo? Mimi ni mzima. Magoti ni mazima, macho ni mazima, ni moyo tu ndio umepigwa, na aliyeupiga ni wewe.

Nakuandikia hapa kwenye grupu ya akina mama wa Riyadh na Jeddah kwa sababu simu yako mafi, haipo. Tangu ile siku ya nne ya safari yangu kule Ireland umeizima, na namba mpya sina. Kamene, dada yangu tuliyetoka naye tumbo moja, naye hapokei, lakini yumo humu, husoma kila kitu na hajibu. Kamene, ukimaliza kusoma mpelekee. Na ninyi wengine someni pia. Mnanijua. Ni mimi niliyewajazia simu picha za mwanangu wa Ireland mpaka mmoja wenu akaniuliza kama nimeajiriwa kuiuza hiyo nchi. Kwa kuwa nilijisifu mbele yenu, na haya nitayasema mbele yenu.

Mwende, unakumbuka tulivyokuwa tukienda kwa susu, nyanya yako? Ulikuwa na miaka minane. Watu wengine walipanda gari likazunguka kwa chini, sisi tukakata milima kwa miguu siku mbili. Siku ya kwanza tunapanda, tunashuka bondeni kulala kwa shangazi yangu, kesho yake tunapanda tena. Wewe ulibeba kichupa chako cha uji. Mimi nilikuwa na kiondo nasuka huku natembea, kama mama yangu alivyosuka na mama yake, na ndipo nilipokufundisha. Mkono unasuka, mguu unatembea, macho yako mbele. Ukaniuliza, "Na nikianguka?" Nikakuambia utaanguka, utaamka, utaangalia kama uzi umekatika. Ulicheka mpaka ukaanguka kweli.

Kwenye mteremko ulikuwa unanitangulia, halafu unageuza shingo kuangalia kama naja. Kila hatua ishirini, shingo. Nimepika na kufagia nyumba za watu miaka kumi na mmoja nikiiona hiyo shingo.

Na unakumbuka siku ile kabla sijaondoka? Tulisimama karibu na tangi la maji, mimi na wewe, una miaka kumi na mitatu, umevaa sweta ya shule ambayo mikono ilishakuwa mifupi. Kamene alikuwa ameshatangulia Jeddah na alishanisimulia kila kitu, kazi na kelele na kukosa hata siku ya kulala mpaka saa moja asubuhi. Sikukudanganya. Nilikuambia, "Mimi naenda ili wewe usiende. Umesikia?" Ukasema umesikia. Nikakuambia urudie. Ukarudia, "Sitaenda, Mum." Uliyasema maneno hayo ukiniangalia usoni.

Basi mimi nikaenda, wewe ukasoma. Na ulisoma. Sitaacha kulisema hilo hata leo. Mimi niliishia darasa la saba na nimezaa mtoto aliyewaongoza wavulana wa shule nzima kwa hesabu. Barua ya chuo cha Ireland ilipokuja, ukanitumia picha yake, nilikuwa napanga viatu vya wageni mlangoni. Nilikaa chini katikati ya viatu. Ilikuwa kozi ya kuuguza wazee, lakini mimi nilisema unesi, maana ni neno zito zaidi. Nilimpigia mchungaji mwenyewe kule nyumbani nikamwambia atangaze Jumapili kabla ya sadaka, wakati kanisa limejaa, asingoje mwisho watu wanapotoka. Akatangaza. Nikaambiwa watu walipiga makofi mpaka watoto wakaamka.

Halafu zikaanza picha. Huku Saudia simu za intaneti hazipiti vizuri, kwa hivyo mimi na wewe tukawa watu wa kuandikiana na kutumiana sauti. Ukasema umebaki na laini ya Kenya kwa sababu ni rahisi. Mimi nani wa kubisha? Ukanitumia mvua, ukanitumia barabara, ukanitumia milima. Picha niliyoipenda kuliko zote ni ile ya kondoo. Amesimama juu ya ukuta wa mawe uliobomoka, ana alama ya buluu kwenye mgongo, amegeuza shingo anaangalia nyuma, na chini yake bonde lote mpaka ziwani. Ukaniandikia kwamba mlitembea siku tano wewe na wanafunzi wenzako, kutoka bonde hadi bonde, mnalala kwenye nyumba za wenyeji. Ukasema ni kama kwenda kwa susu, ila kijani zaidi. Nililia, Mwende. Nililia kwa furaha nikiwa nimeshika kitambaa cha vumbi.

Na sasa sikiliza uongo ulivyo na miguu. Madam wangu, nyote humu mnamjua kwa sifa, ni mtu wa kutembea. Alfajiri tunazunguka uwanja wa mtaa mimi na yeye, na Ijumaa huenda na wanawake wenzake jangwani kupanda majabali. Nilimwonyesha picha yako. Nilimwonyesha mara nyingi, sikatai. Akaangalia kondoo, akaangalia ziwa, akauliza ni wapi. Nikamwambia mwanangu Mwende amepita hapo kwa miguu. Baada ya wiki mbili alikuwa amewaambia dada zake wawili, wamelipia safari ya kutembea siku tano kwenye milima ya Wicklow. Bosi akasema sawa, mradi Umm Mwende aende nao, kwa sababu ana akili na ana miguu. Umm Mwende, yaani Mama Mwende, ndilo jina langu katika nyumba hii. Hata jina huku wamenipa lako.

Viza nilipata kwa wiki tatu. Mimi wa darasa la saba, kwa karatasi ya madam. Wakati ule hilo halikuniuma, kwa sababu nilikuwa sijui.

Sikukuambia. Nilitaka nitokee mbele yako. Nikaomba ruhusa nikaenda Al-Dirah, kwenye yale maduka ya viatu, nikakununulia viatu vyeupe vya nesi, saizi yako arobaini, soli laini isiyopiga kelele wodini. Muuzaji alinionyesha vya bei ya chini nikamwambia hivyo mpe mwingine, mimi mtoto wangu anasimama Ulaya. Nikanunua na nyuzi za kiondo, maana mkonge huku hakuna, nyuzi za rangi ya kahawia na nyekundu.

Tulipotua Dublin nikakuandikia, "Mwanangu, niko Ireland. Nitapita milima yako. Njoo popote tukutane." Ukakaa kimya mpaka jioni. Halafu ukasema una mtihani. Kesho yake ukasema uko zamu mbali sana. Siku iliyofuata mabasi yamegoma. Nilikupigia, maana kule simu zinapita, inaita tu. Nikawaambia kina madam kwamba mwanangu ana kazi nyingi, mtu muhimu hapatikani ovyo. Nilikutetea huku nikipanda mlima.

Safari zenyewe za huko zina utaratibu wake. Asubuhi unaacha begi mlangoni, gari linakuja linalichukua, jioni unalikuta nyumba nyingine. Mimi nilikataa. Begi langu niache na mtu nisiyemjua, ndani kuna viatu vya mwanangu? Dada za madam walicheka mpaka wakashika ukuta. Madam akanieleza polepole, akaniambia hata lake linaenda. Nikamwambia lake lina nguo, langu lina kazi ya mtu. Nikavaa begi mgongoni, kiondo mkononi, tukaanza.

Na niwaambie ninyi wa grupu, sikuaibisha Mbooni. Njia ina vigingi vyenye picha ya mtu wa manjano anayetembea, unamfuata yeye tu. Kuna ngazi za mbao za kuvuka nyua za watu, kuna matope meusi yanayomeza mguu, wamelaza mbao juu yake upite moja moja. Mvua inanyesha, inaacha, inarudi kama iliyosahau kitu. Kina madam walikuwa na fimbo mbili mbili za chuma na bado wananiita, Umm Mwende, ngoja. Mimi nasuka. Wazungu wanasimama kunipiga picha. Asubuhi kwenye zile nyumba tunapewa soseji za nguruwe, na kwa kuwa wenzangu ni Waislamu, za watu wanne zilikuwa zangu. Nilitembea na nguvu.

Siku ya tatu mchana mvua ilitushika vibaya, tukafika nyumba ya kulala mapema. Mwenye nyumba ni mama mmoja mjane, mwembamba, akatukaribisha tuvue viatu kwenye ukumbi. Niliinama kufungua kamba. Nilipoinuka, kondoo alikuwa ananiangalia kutoka ukutani.

Yule yule. Ukuta uliobomoka, alama ya buluu, shingo imegeuka, bonde, ziwa, na lile wingu lililokaa kama kofia. Ndani ya fremu, kioo kimeingia vumbi pembeni. Kwanza nilifurahi. Nikafikiri walinunua picha yako wakaitundika, nikajisemea mtoto wangu ni hodari hata kwa hili. Nikamwonyesha yule mama simu yangu nikamwambia, my daughter, my daughter. Akaniangalia kwa huruma, akaeleza taratibu kwamba picha hiyo aliipiga marehemu mume wake, zamani, na iko kwenye ukurasa wao wa intaneti, watu wengi huichukua.

Madam alikuwa nyuma yangu. Ile picha anaijua kuliko mimi. Hakuniuliza chochote, wala hakuwatafsiria dada zake. Alichukua begi langu kutoka mgongoni, yeye mwenyewe, akalibeba mpaka chumbani, akaniambia, "Yalla, twende, Umm Mwende, chai." Mwanamke wa watu alinifunika. Wewe wangu uliniacha uchi.

Asubuhi ya siku ya nne nilipiga picha ya fremu nikakutumia bila neno. Siku hiyo sikusuka. Tulipanda mpaka juu kabisa, upepo unakata masikio, na hapo simu ikalia. Sauti yako. Nikajitenga nyuma ya jiwe nisikilize.

Ulikuwa unalia unasema, "Mum, nisamehe, nisikilize kwanza." Na kabla hujaeleza lolote, nyuma yako nikasikia adhana, na juu ya adhana mwanamke anapiga kelele kutoka chumba kingine kwamba yalla, lete maji, uko wapi wewe. Mwende, sauti hiyo mimi naijua. Naijua nikiwa nimelala, naijua nikiwa naoga. Hakuna hospitali ya Ireland ambapo nesi anaitwa hivyo. Nilikaa chini kwenye majani yaliyolowa kabla hujafika kwenye neno Jeddah.

Halafu ukasema yote. Barua ya chuo ilikuwa ya kweli, lakini viza ilikataliwa, ukajaribu tena ikakataliwa. Ulimwambia Kamene, Kamene akakutafutia nyumba na kafili wa kukudhamini Jeddah, ukaja, ukapewa ikama, kile kibali cha kukaa, miaka miwili sasa. Na ukamaliza na maneno ambayo bado yananitafuna. "Ulikuwa umeshatangaza kanisani, Mum. Ningerudi niseme nini?"

Nilikujibu vibaya. Nilikuambia sina mtoto Jeddah, mtoto wangu yuko Ireland, na kama hayuko Ireland basi sina. Ndipo ukazima simu. Neno hilo nalitoa leo mbele ya watu wote. Nilikuwa na baridi na nilikuwa na hasira, na bado nina hasira, lakini hilo halikuwa kweli.

Siku ya tano nilitembea kama gunia. Kiondo kilikuwa karibu kwisha, nikakimalizia haraka haraka, mdomo ukakaa upande, nikakiacha kwenye nyumba ya mwisho juu ya kitanda. Sikuweza kukibeba. Viatu niliviona pale ndani ya begi, vyeupe, nikashindwa kuviacha pia. Nikavirudisha Riyadh.

Nataka ujue ni nini hasa kilichoniuma, kwa sababu najua Kamene anakuambia naona aibu ya kazi. Kazi hii ndiyo iliyokulisha. Ndiyo iliyonunua hiyo sweta iliyofuata ile fupi. Siionei aibu. Kilichoniuma ni Ramadhani ya mwaka jana.

Familia ya bosi ilikwenda Jeddah siku kumi, na mimi nikiwemo, unajua vizuri, kwa sababu nilikuandikia wewe "Ireland" kukuambia naiona bahari. Kamene alipata ruhusa akaja kuniona. Hufagia ofisi karibu na bandari, akatoka huko na mfuko wa chapati. Nilikula moja, nikala ya pili. Nikamwambia, "Kamene, chapati hizi ni kama za Mwende." Anaweka vitunguu vya kukaanga ndani ya unga, hakuna mtu mwingine afanyaye hivyo. Kamene akainamisha kichwa akasema amenunua. Nilimwamini dada yangu. Nilikula mkono wako, mwanangu, ukiwa mitaa michache tu kutoka kwangu, nikakutumia ujumbe Ireland kwamba nimekukumbuka. Ukanijibu, "Hata mimi, Mum, huku kuna baridi."

Hapo ndipo ulipovunja kitu. Viza kukataliwa si kosa lako. Kuja Saudia ni kuvunja ahadi, na ahadi huvunjika, hata zangu zimevunjika. Lakini chapati ulizikanda kwa mkono wako, ukajua nani atazila, ukaketi huko ukingoja niseme ni tamu.

Na bado, nimekaa na hili neno la kanisani. Nimelizungusha nikifua, nimelizungusha nikipiga pasi. Nilitaka kukukasirikia kwa kulisema, nikaona nashindwa kulijibu. Ni kweli nilitangaza. Nilitangaza kabla hujapanda ndege, kabla hata hujaulizwa maswali kule ubalozini. Nilikupandisha juu mbele ya watu, halafu nikaondoa ngazi. Sikujua ni ngazi. Niliona ni sifa tu. Sisemi uongo wako ni wangu, uongo ni wako na utaujibu. Nasema tu kwamba pale ulipotaka kushuka, nilikuwa nimesimama njiani napiga makofi.

Sasa kilichonifanya niandike. Mama mmoja wa Jeddah aliye humu ameniambia mkataba wako unaisha mwezi ujao, na kwamba umeamua kutia sahihi miaka mingine miwili. Anasema madam wako si mbaya, ana kelele tu, na wewe umesema heri kelele zake kuliko macho ya mamako. Mwende, usitie sahihi. Ukitia, mimi nitakuwa nimerudi nyumbani na wewe umebaki mahali nilipokaa ili usikae. Itakuwa nimefanya kazi yote hii ili tubadilishane vitanda.

Ile sherehe ya wewe kumaliza kozi, niliyowaalikia watu kule nyumbani, sikuifuta. Mjomba wako ameshatenga ng'ombe, kwaya imeshapanga nyimbo. Wiki iliyopita nilimpigia mchungaji. Akadhani nataka akumbushe watu kuhusu nesi wetu. Nikamwambia hapana, nataka atangaze upya, pale pale kabla ya sadaka, kanisa likiwa limejaa. Nikamwambia aandike asije akakosea. Kwamba Mwende hakwenda Ireland. Kwamba yuko Jeddah amefanya kazi ya nyumba miaka miwili, kazi ile ile ya mamake, na kwamba wote wawili wanarudi. Mchungaji akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia Ireland nimefika mimi, kwa hivyo nyumba yetu haijakosa mtu wa kufika. Aliposikia hivyo akacheka, akajua kweli ni mimi.

Ametangaza Jumapili hii. Sasa hakuna cha kuficha na hakuna mtu utakayemkuta anangoja kujua. Wameshajua. Hawakupiga makofi, niliuliza. Susu yako, aliyekuwa ameletwa kwa gari, alisimama akasema basi chakula kiongezwe, mtoto aliyetoka Saudia hurudi na njaa.

Sijakusamehe bado. Sitaki kukudanganya, mmoja wetu akidanganya anatosha. Nitakusamehe ukiwa umesimama mbele yangu, na kabla ya hapo nitakusema kwanza, nitakusema sana, na Kamene naye ana siku yake. Lakini viatu viko. Viatu vyeupe havina sheria kwamba lazima uwe nesi. Vina soli nzuri ya kutembelea, na nataka tukate ile milima ya kwenda kwa susu kwa miguu, siku mbili, mimi mbele safari hii na wewe nyuma, ili nione kama ni mimi nitakayekuwa nikigeuza shingo.

Mwambie madam wako halas, mwambie mama yako amekuita. Na ninyi wa grupu, mlio na likizo, mnakaribishwa nyote, njooni mmwone huyo msichana wa Ireland.

Ni mimi mamako, Umm Mwende, niliye na hasira na wewe, na ninayekungoja Mbooni pamoja na watu wote, Jumamosi ya pili ya Desemba.